Udongo wa Kuoshea Behewa

Bi Mwanamkuu binti Shekuwe alikuwa amekwisha kulifagia behewa lote, akasimama katikati yake na ufagio mkononi kama aliyeshika hati ya nyumba, pale Mzee Liang, mwenye shamba na mwenye behewa, alipolipiga ubavu kwa kiganja na kusema neno refu kwa fahari kubwa.

Kamande, aliyekuwa akipanda ngazi na katoni ya viatu begani, alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaitua katoni taratibu palepale mlangoni.

"Amesemaje?" Bi Mwanamkuu akauliza.

"Anasema ni behewa zuri."

"Maneno yake yalikuwa marefu kuliko hayo. Nimesikia na Hong Kong ndani yake."

"Anasema lilikuwa likienda Hong Kong."

"Na nini?"

Kamande alijikuna shingo. "Si tuseme tu lilibeba mizigo, Mama."

"Mizigo gani?"

"Mizigo ya kutembea yenyewe." Akamtazama, akaona kwamba mzaha haukupata pa kukaa. "Nguruwe, Mama. Lilikuwa behewa la nguruwe. Anasema ndio waliokuwa wanono kuliko wote waliopita mpakani, na yeye ndiye aliyewapeleka."

Bi Mwanamkuu aliziangalia mbao za sakafu. Zilikuwa nyeusi, nene, zimelowa kwa unyevu, na unyevu ule ulikuwa umekwisha kupanda katika nyayo za viatu vyake. Akauinua upindo wa buibui, akashuka ngazi bila kuharakisha, akamshukuru Mzee Liang kwa kuinamisha kichwa. Kisha akaenda kusimama mbali kidogo, chini ya mti wa lichi, tunda lile ambalo ni la ukoo mmoja na shokishoki, akafikiri.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2007, na Guangzhou yote ilikuwa ikibomoa ili ijenge. Ghala ambalo Bi Mwanamkuu na Kamande walichangia kwa miaka, uchochoroni nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, lilikuwa limetwaliwa na mwenyewe apate kulifanya ofisi za vioo. Walipouliza kwingine walijibiwa neno lile ambalo kila mfanyabiashara wa Kiafrika hulijua kabla hajajua kusalimu: meiyou, hakuna. Ndipo Kamande, aliyekuwa na rafiki dereva wa malori ya bandari ya Nansha, akapelekwa Panyu, katika kijiji kilichobakiwa na mashamba kati ya kiwanda na kiwanda, akayaona mabehewa matatu yaliyokaa bustanini bila reli wala magurudumu, yamewekwa juu ya matofali.

Shirika la reli lilipoyachoka mabehewa yake ya zamani liliyauza, na wakulima wa pande zile waliyanunua na kuyavuta mashambani, kwa kuwa hakuna banda la matope litakalosimama kama chuma. La kwanza pale kwa Mzee Liang lilikuwa behewa la abiria, la rangi ya kijani, ambamo sasa walikaa mabata: walilala chini ya viti, na mayai yao yalipangwa juu, kwenye rafu za mizigo ya wasafiri. La pili lilikuwa la majembe, ngazi za kuchumia na mapipa ya dawa. La tatu, lenye mbavu za mbao zilizoachana ili hewa ipite, lilikuwa tupu, na mwenyewe alilifagia kila wiki ingawa halikuwa na kitu. Kamande alipoliomba, mzee alifikiri sana kabla ya kukubali. Sasa ilifahamika alichokuwa akikifikiri.

Na mzigo wa Bi Mwanamkuu haukuwa mzigo wa kutiwa popote. Wanawake wa mtaani kwao Kuze, mjini Mombasa, walikuwa wamejinyima kwa muda mrefu ili msikiti wao uliojengwa upya upate misala mipya, nao wakamchagua yeye kwa sababu ndiye aliyezoea safari za Uchina. Walimwambia neno moja tu: "Twataka tarawehe ya mwaka huu tuisali juu yake." Misala ilikuwa tayari kiwandani, lori lingeileta kesho yake baada ya adhuhuri, na keshokutwa jioni lango la Nansha lingeacha kupokea makontena ya meli ile. Meli ya baadaye ingefika Mombasa Ramadhani imekwisha kuingia.

Wala misala haikuweza kuachwa katika mifuko ya kiwanda. Aliyekwisha kununua vitu Guangzhou hana haja ya kuambiwa kwamba kilicho juu ya mtumba ni bibi arusi, na kilicho katikati ni shangazi yake. Ilibidi kila msala ufunguliwe, utazamwe mbele na nyuma, uliolegea uzi urudishwe na lori lilelile, na uliosalimika ulazwe juu ya wenzake mpaka marobota yakazwe upya. Ungelazwa wapi, kama si juu ya mbao zile?

"Tandika turubai," alisema Kamande, aliyemfuata mtini. "Turubai mpya, nalipa mimi. Umemaliza."

"Turubai hukanyagwa, mwanangu. Na miguu itakayoikanyaga itakuwa imetoka wapi?"

"Basi tuvue viatu."

"Tuvue viatu tusimame wapi?"

"Lakini hao nguruwe walishakufa kitambo, Mama. Walishaliwa. Na walioliwa nao wameshakufa, naona."

"Walioliwa nao?"

"Waliowala. Umenichanganya sasa."

Bi Mwanamkuu hakuweza kujizuia kutabasamu, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kukaa mahali pake. Kikavu kwa kikavu hakiambukizani najisi. Hilo alilijua tangu alipokuwa akikaa jamvini katika chuo cha Kurani cha babake. Lau sakafu ile ingalikuwa kavu, angaliiweka misala yake na kulala usingizi. Lakini Guangzhou ya Julai haina ukavu: mvua huingia alasiri, jua huipika, na kila ubao hutoa jasho. Alijua pia kwamba wako wanazuoni walioliona jambo la nguruwe kwa wepesi, nao wana dalili zao, wala hakumdharau yeyote kati yao. Watu wa Kuze, hata hivyo, walikuwa wa madhehebu ya Imamu Shafii, na amana hurudishwa kwa kipimo cha mwenyewe. Kwa kipimo chao, kilichoguswa na nguruwe kwa umajimaji huoshwa mara saba, na moja katika hizo huwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo tohara.

"Tutaliosha," alisema.

"Behewa?"

"Behewa. Mara saba."

Kamande alilitazama behewa kutoka mwisho hadi mwisho, kama anayeutazama Mlima Kenya baada ya kuambiwa auhamishe. "Mimi ni Mpresbiteri, Mama. Sisi hunyunyiziwa kidogo tu tukiwa watoto, yakaisha."

"Hukulazimishwa."

"Najua sikulazimishwa. Ndoo iko wapi?"

"Kwanza umwambie mwenyewe."

Hapo Kamande alirudi nyuma hatua nzima. "Hiyo siwezi kutafsiri. Mtu amekwambia hiki ndicho kitu cha maana maishani mwake, halafu mimi nimwambie huyu mama asema kinanuka?"

"Sikusema kinanuka. Haya, twende."

Mzee Liang aliyasikiliza maneno ya Kamande hadi mwisho. Uso wake haukubadilika. Lakini alipoyaelewa, aliichukua kofia yake ya majani, akaingia katika behewa la mabata, akaufunga mlango. Kamande akageuka na kumtazama Bi Mwanamkuu kwa macho yasemayo, nilikwambia. Bi Mwanamkuu alingoja kadiri adabu inavyodai, kisha akagonga kioo cha dirisha, akaingia bila kuambiwa karibu, akaketi kwenye kiti cha abiria mbele ya mzee. Mabata walisogea kumpisha, wakirushiana maneno.

"Muulize alilipataje," alimwambia Kamande.

Mzee akaanza kusema, na alipoanza hakunyamaza tena. Alikuwa msindikizaji. Kazi yake ilikuwa kupanda behewa pamoja na nguruwe, kuwalisha, kuwanywesha, kulala pembeni yao juu ya majani makavu, na treni liliposimama juani, kuwamwagia maji ili wasife kwa joto. Nyumbani njaa ilipokuwa kali, yeye alisindikiza nyama ambayo hakuionja. Hakupata kuupeleka Hong Kong mzoga wa nguruwe akasema ni bahati mbaya. Alipopoteza mmoja aliona haya. Behewa lilipouzwa aliuza nyati wake wa kulimia, akalinunua, na mkewe, Mungu wake amrehemu, hakusema naye mpaka mwaka ulipokwisha.

Bi Mwanamkuu alisikiliza. Akaona kwamba mtu yule naye alikuwa mtunza amana.

"Mwambie," alisema, "simwiti yeye mchafu."

"Hilo nalitafsiri kwa furaha."

"Mwambie hivi. Juzi tulipokuja, weye ulitaka kutua katoni pale langoni, penye vile vikombe vyake vya chai na karatasi nyekundu za ibada yao. Akakuzuia kwa mikono miwili. Hakukutukana, wala weye hukuona umetukanwa. Kwao pale pana sharti. Nami dini yangu si yake wala yake si yangu, lakini kwetu msala nao una sharti. Mwambie naomba kuliosha behewa lake kama mgeni anavyoomba maji ya kutawadha katika nyumba ya watu."

Kamande alitafsiri polepole, akitafuta maneno. Mzee Liang alikuwa akimtazama bata mmoja. Mwishowe akauliza jambo, na Kamande akacheka.

"Anauliza, kama ulikuwa na haja ya kuosha, kwa nini ulianza kwa kufagia?"

Akainuka, akaenda kuuleta mpira wa maji.

Basi wakaosha. Alipoulizwa wapi pana udongo mzuri, Mzee Liang hakutaka hata wauchague. Aliusukuma mkokoteni wake mwenyewe hadi chini ya mti wa lichi mkubwa kuliko yote, akachimba, akauleta udongo mweusi uliosagika kama unga wa kahawa. Bi Mwanamkuu aliuchanganya na maji kwenye pipa, akatia bismillahi, akaanza kwa kuta na kumalizia kwa sakafu. Ukawa muosho wa kwanza. Ikafuata sita ya maji matupu. Kamande alishika mpira, mzee akashika brashi ndefu ya mapipa, na Bi Mwanamkuu akaifuata kila nafasi iliyo kati ya ubao na ubao kwa ufagio wa chelewa aliotoka nao Mombasa, huku akijiimbia ubeti ambao babake aliutunga kwa ajili ya watoto wa chuo:

*Kosha, mwana, kwa makini,*
*cha mwili na cha moyoni,*
*uingie sujudani,*
*upate kupokelewa.*

Alasiri ilipoingia walikuwa wamemaliza. Wakaketi kwenye ngazi za behewa la mabata, mzee akamimina chai, na Kamande akajinyoosha huku akisema kwamba babake alimpeleka shule ili asioshe mabanda. Bi Mwanamkuu alikuwa radhi. Alikuwa ameinua kikombe, Mzee Liang alipouelekeza mkono mkokoteni uliobakiwa na udongo kidogo, akasema neno refu kwa fahari kubwa.

Kamande aliufunga uso wake kwa viganja.

"Amesemaje?"

"Anasema ni udongo mzuri."

"Maneno yake yalikuwa marefu kuliko hayo, Kamande."

"Mama, kunywa chai kwanza."

"Sema."

"Anasema hakuna udongo kama huo Panyu nzima. Anautilia samadi tangu kijana. Alikuwa akiifagia behewani, anaileta kwa magunia." Akatoa viganja usoni. "Ya nguruwe."

Bi Mwanamkuu alikitua kikombe. Aliliona kosa lake lote kwa mara moja, na lilikuwa kosa la mtu aliyesoma: kitabu kimesema udongo, naye akauona udongo. Kwao, udongo wa uani ni udongo, hauna nasaba. Hakukumbuka kwamba katika nchi hii, ambayo watu wake wameilima tangu enzi za mababu wa mababu, hakuna konzi ya ardhi iliyoachwa na njaa. Mashamba hulishwa samadi, mabwawa ya samaki hulishwa samadi, na samadi hiyo kwa kawaida ni ya mnyama mmoja. Alikuwa ameiosha najisi kwa najisi, akaisugua hadi dari.

"Kwa nini hukuuliza udongo umetoka wapi?" Kamande alimuuliza, si kwa ubaya.

"Kwa sababu nilimwona akiuchimba."

"Basi Mungu ameona, Mama. Umeosha kutwa. Ameona."

"Ameona. Na hilo ndilo linaloniogopesha."

"Wale akina mama wa Kuze hawatajua."

"Nitajua mie, na nitasimama nao safu moja." Akainuka, akajifuta magoti. "Tafuta udongo mwingine."

"Wapi? Hata milima wameilima."

Bi Mwanamkuu alikuwa ametega sikio. Kutoka upande wa kusini, nyuma ya migomba, palikuwa pakisikika mtambo, dum, dum, dum, ambao ulikuwa ukisikika tangu asubuhi na ambao masikio yao yalikuwa yamekwisha kuuzoea na kuuacha. Huko zilikuwa zikichimbiwa nguzo za reli mpya, ya treni ziendazo kwa kasi ya ndege, ambazo mabehewa yake hayatauziwa mkulima katika umri wa yeyote aliyekuwa pale.

"Wanachimba kina gani?" aliuliza.

Kesho yake alfajiri, baada ya sala, walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa machimbo. Msimamizi, mtu mfupi mwenye kofia ya manjano na koo lililokauka kwa kupiga kelele, aliwaangalia mwanamke wa buibui na kijana mrefu waliobeba ndoo mbili, akauliza wanauza nini. Kamande akamweleza. Akamweleza tena. Msimamizi alidhani kwamba Kichina cha kijana yule kina kasoro, kwa kuwa hakupata kukutana na mtu aombaye udongo. Yeye kila siku aliyabembeleza malori yauchukue na hayakutosha.

"Anauliza wautaka wa juu au wa chini?"

"Wa chini kabisa. Usioguswa na jembe."

Msimamizi akaelekeza kidole. Mtambo ulikuwa ukiutoa tumboni mwa ardhi udongo mwekundu wenye mishipa myeupe, mzito, unaonuka mvua tu. Bi Mwanamkuu aliinama, akauchukua mkononi, akaufinya. Huu haukuwa umeonja samadi wala kwato. Tangu Mola alipoitandaza ardhi, hili ndilo jua lake la kwanza.

"Mwambie ndoo mbili zatosha, na Mungu amlipe."

Kamande alisema. Msimamizi alisema. Kamande akasema tena, kwa haraka zaidi, akipunga mikono. Lakini msimamizi alikuwa amekwisha kumgeukia dereva wa tipa na kumpa amri, na uso wake uling'aa kwa ukarimu wa mtu aliyepata pa kutupia taka zake.

"Nini tena?"

"Anasema mgeni haondoki na ndoo mbili. Anatupa lori zima."

Wakarudi mbio, lakini tipa ina magurudumu. Walipofika kijijini, kilima kizima cha udongo mwekundu kilikuwa kimemwagwa mbele ya behewa, kimeuziba mlango hadi juu, na Mzee Liang alikuwa akikizunguka mikono nyuma, kama mwenye msiba anayelizunguka kaburi.

"Mara saba," alisema Kamande. "Tena kwanza tulifukue."

"Mwanangu, maneno yana miguu lakini hayana mikono. Shika beleshi."

Walifukua. Jua lilipanda, nao wakafukua. Mzee Liang, ambaye mwanzo alikuwa akichota kwa shingo upande, aliuonja udongo kwa ncha ya ulimi kama wakulima wanavyofanya, akatema, akasema hauwezi kuotesha hata nyasi. Bi Mwanamkuu alipotafsiriwa alisema, "Alhamdulillahi," kwa moyo mkunjufu hivi kwamba mzee akacheka, na kutoka hapo beleshi lake likawa jepesi.

Mlango ulipofunguka, adhuhuri ilikuwa imekaribia. Alichanganya udongo na maji mpaka yakawa mekundu ya kutosha, akaanza kutoka dari, safari hii bila kuimba. Akalipaka behewa lote, kila ubavu, kila ubao, kila msumari, na maji mekundu yakashuka ngazi na kwenda zake mtaroni. Mzee Liang akasimama wima mlangoni na brashi yake, akapaza sauti:

"Xintang!"

"Ana nini?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

Kamande aliweka mpira chini kwa kicheko. "Ni stesheni, Mama. Anahesabu kwa stesheni za kwenda Hong Kong, ili tusipoteze hesabu. Hii ni ya kwanza."

Walikuwa wamepita Shilong, na Changping walikuwa wanaiona, lori la misala lilipoingia langoni. Dereva alishuka, akautazama mlima wa udongo, akalitazama behewa linalotiririka, akaitazama na mbingu ya kusini iliyokuwa imejikunja rangi ya risasi, akasema yeye atateremsha mzigo pale alipo na aende zake. Ana safari nyingine. Pale alipo palikuwa tope.

Bi Mwanamkuu hakuuachia ufagio. "Kamande. Mtu huyu asiteremshe hata mmoja."

"Nimfanyeje?"

"Weye ndiye uliyesoma."

Kamande aliitafakari elimu yake, kisha akatoa mfukoni pakiti ya karata na pakiti ya sigara, akapanda ndani ya lori upande wa abiria, akafunga mlango. Kilichotendeka mle ndani kilijulikana kwa sauti tu. Kwanza dereva alibisha. Kisha akacheka mara moja. Kisha akacheka mara nyingi, kwa kuwa Kamande, aliyewashinda Waganda na Wakongo kwa karata pale Huanshi Zhonglu mpaka wakakataa kucheza naye, siku ile alifungwa, akafungwa, akafungwa tena, na sigara zake zikahamia upande wa pili moja baada ya moja.

Mwanamke na mzee wakabaki wawili na behewa. Hawakuwa na mkalimani, wala hawakumhitaji. Mzee alishika mpira, Bi Mwanamkuu akashika brashi; alipochoka, walibadilishana. Zhangmutou. Magoti yake yalimwambia kwamba yeye si kijana, naye akayajibu kwamba hakuyauliza. Pinghu. Upepo ulianza kuyapindua majani ya lichi. Luohu, mpakani. Hapo mzee alisita, akapita peke yake kona ya mwisho ya behewa, pembeni, pale ambapo zamani alitandika majani yake ya kulalia, akaisugua kwa mkono bila brashi. Kisha akausogeza mpira, maji yakapita sakafuni mote na kutoka meupe kama yalivyoingia, naye akaiita kwa sauti ndogo stesheni ya mwisho, Hong Kong, akaufunga mfereji.

Bi Mwanamkuu aliosha mikono na miguu yake kwa kanuni ileile, akabadili buibui. Wakatandika turubai juu ya sakafu ili misala isinyonye maji, ingawa maji yale sasa yalikuwa maji tu. Dereva, aliyefurahi mno kwa sigara alizoshinda, alisaidia kuteremsha mwenyewe. Mtumba wa mwisho ulivuka kizingiti, na mvua ikaanguka kwa pamoja, kama iliyokuwa imeombwa isubiri.

Msala wa kwanza uliofunguliwa haukuwa na kasoro. Bi Mwanamkuu aliutandika kuelekea kibla, akasali adhuhuri iliyokuwa karibu kumponyoka, na alipopeleka paji la uso chini hakusikia shaka yoyote chini yake. Alipotoa salamu alimwona Mzee Liang mlangoni. Amevua kandambili zake, amezipanga nje mvuani, naye amechutama akiutazama mshono wa msala mmoja kwa jicho la mtu aliyezoea kukagua.

Kamande hakuwamo. Akamtafuta kwa macho, akamwona chini ya mti wa lichi, amelowa chepechepe, anazifunika katoni zake za viatu kwa turubai ya zamani yenye matundu.

"Mbona huingizi mzigo wako?" alimwita.

"Huku kuna hewa."

"Kamande."

Alikuja polepole mpaka chini ya ngazi, na kiatu kimoja mkononi. Akakigeuza, akamwonyesha bitana yake ya ndani, laini, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, yenye vitundu vidogovidogo vilivyokaa vitatu vitatu.

"Wakati dereva anahesabu sigara, nilianza kujiuliza hii ngozi ni ya nini. Nikamwendea Mzee Liang. Amekitazama mara moja tu."

"Amesemaje?"

"Amesema anawajua."

Bi Mwanamkuu alimtazama kijana yule, na maji yaliyokuwa yakimshuka puani, na kiatu alichokishika mbali na ngazi ili kisiguse ubao uliooshwa. Alitaka kumwombea dua, lakini aliona kwamba dua ingemwaibisha. Akaingia ndani, akaichukua turubai ya akiba, ile mpya, akashuka nayo mvuani.

"Shika ncha hiyo," alisema. "Ikaze chini ya tofali. Kesho vikiwa vimekauka, navyo vitaingia kontenani, mwisho kabisa, na misala yangu ikiwa imekazwa katika nailoni."

"Mama, utalowa."

"Nimelowa kutwa. Kaza, mwanangu, tumalize, misala yatungoja kukaguliwa."